Mbayuwayu wa Buluu, Mgeni wa Miezi ya Baridi Bondeni Lambwe

Feri kutoka Luanda K'Otieno, upande wa Siaya, huchukua takriban saa moja kufika Mbita. Abiria wengi huwa na shughuli zao: samaki, soko, jamaa wa Rusinga au Mfangano. Wachache hukumbuka kwamba kutoka Mbita barabara inaendelea hadi Bonde la Lambwe na Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, na kwamba kati ya Aprili na Septemba mbuga hiyo huwa na mgeni ambaye ni vigumu kumwona kwingine nchini Kenya.

Mgeni huyo ni mbayuwayu wa buluu. Asichanganywe na mbayuwayu wa kawaida wanaotoka Ulaya, ambao hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba wakikimbia baridi ya huko, na kuondoka kufikia Aprili. Wakati hao wanaondoka, huyu ndiye anaingia. Yeye hutoka kusini, ambako baridi kali ni ya Juni hadi Agosti. Katika nyanda za juu kama Kitulo, kusini mwa Tanzania, umande huganda usiku na wadudu huadimika. Kwa hivyo hupiga safari ya kama kilomita 900 hadi maeneo ya Ziwa Victoria, ambako nyasi bado zina unyevu na wadudu hawajaisha.

Kumtambua si kazi ngumu. Mwili wote ni buluu iliyokolea yenye kung'aa, hana tumbo jeupe wala koo jekundu, na dume ana manyoya mawili marefu membamba mkiani. Huruka chini chini juu ya nyasi akidaka wadudu, na usiku hulala humo humo nyasini. Msitu haumfai, wala shamba la miwa.

Na nyasi za Lambwe zilibaki kwa sababu ambayo wazee wa hapa wanaijua vizuri: mbung'o. Kwa miaka mingi mdudu huyo aliwaambukiza watu malale na kuua ng'ombe kwa nagana, na sehemu kubwa ya bonde ikakosa walimaji na wafugaji. Hifadhi ya wanyama ilianzishwa hapo mwaka 1966, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, ikiwa na kilomita 120 za mraba. Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Hiyo ni habari njema kabisa. Lakini mlinzi mkali wa nyasi zile ameishiwa nguvu, na majirani wa mbuga ndio waliobaki na kazi hiyo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni moto. Mtu huchoma majani kuandaa shamba au kupata malisho mapya, upepo ukageuka, na moto ukavuka ua. Mbayuwayu anaweza kuruka akaenda, ingawa pa kulala na pa kulia pameteketea. Korongo hana pa kwenda. (Korongo anayesemwa hapa ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, si yule ndege.) Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata korongo 15 tu, wote wakiwa Ruma, kwingineko Kenya wameisha. Anayechoma shamba karibu na mbuga asubiri siku isiyo na upepo, akate njia ya kuzuia moto kwanza na asiondoke kabla haujazimika. Anayeona moshi amwarifu chifu au askari wa KWS papo hapo.

Anayetaka kuzuru avuke ziwa asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujapandisha mawimbi, na akipanda boti ndogo avae jaketi la kuokoa maisha tangu ufuoni. Wanaotoka Migori hupitia Rongo na Rodi Kopany. Ada ya mbuga hulipwa kupitia eCitizen. Nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani: ndizo rangi zinazomvuta mbung'o, na ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa hivyo. Malale yamedhibitiwa, ila mbung'o bado anauma.

Kufikia mwisho wa Septemba mbayuwayu wengi huwa wamesharudi kusini kutaga, mara nyingi ndani ya mashimo yaliyochimbwa na muhanga.