Mama wa Kongowea na dawa zinazomchoma

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama wa Kongowea, Mombasa, mwenye umri wa miaka 54. Hedhi yake ilikoma miaka mitatu iliyopita. Tangu mwaka jana uke umemkauka, unamwasha, akikojoa anasikia moto, na tendo la ndoa limekuwa la kuvumilia maumivu. Mumewe ameanza kuuliza kama mapenzi yamekwisha. Jirani alimpa shabu na sabuni ya dawa, duka la dawa likamuuzia krimu ya fangasi mara tatu, kisha jeli yenye manukato. “Kila nikipaka kipya, kinanichoma kuliko cha kwanza,” anaandika. Homoni anaziogopa kwa kuwa amesikia zinaleta saratani ya matiti. Anataka kujua achague nini.

Shangazi, mjibu wa barua hizi, anaanza na la haraka: shabu na sabuni ziachwe leo. Hedhi ikikoma estrojeni hupungua, ngozi ya uke huwa nyembamba, na asidi inayozuia vijidudu hushuka. Kuikaza ngozi hiyo kwa shabu ni kuitesa. Nje panatosha maji matupu, ndani hapaoshwi.

Krimu ya fangasi nayo isinunuliwe tena kwa kubahatisha. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi na asiyetumia homoni, fangasi za ukeni hupungua, hivyo mwasho wa mwaka mzima unahitaji kuchunguzwa na mkojo kupimwa. Takriban nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupatwa na hali hii ya ukavu wa uke. Tena haifanani na lile joto la ghafla la kukoma hedhi, ambalo kwa wengi hupoa lenyewe. Ukavu ukiachwa huzidi.

Sasa uchaguzi. Kilainishi hupakwa wakati wa tendo, na kazi yake huishia hapo. Jeli ya kutia unyevu, kwa mfano yenye asidi ya hayaluroniki, huwekwa kila baada ya siku mbili au tatu, tendo liwepo lisiwepo. Mama huyu anawashwa hata akiwa amekaa, kwa hiyo anahitaji hiyo ya pili, na kilainishi kiwe cha kuongezea.

Kwa nini jeli ya dukani ilimchoma? Huenda ni manukato, na huenda ni gliserini nyingi au propilini glaikoli, ambazo huvuta maji kutoka kwenye seli kama chumvi inavyomkausha ng’onda. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha mkolezo wa vilainishi, osmolaliti, kisizidi 1,200, na vizuri zaidi kisipite 380. Paketi nyingi haziandiki namba hiyo, basi asome viambato: asitake manukato wala jeli ya “kupasha joto”, na gliserini isiwe mwanzoni mwa orodha. Ajaribu tone moja nje kwanza, angoje siku nzima. Vilainishi vya silikoni huchoma wachache na hudumu zaidi. Mafuta ya nazi huwatuliza baadhi ya wanawake, ila hudhoofisha kondomu za mpira.

Bei kubwa haimaanishi nafuu kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wanawake 302 kwa wiki 12. Waliotumia kidonge cha estrojeni cha ukeni, waliotumia jeli ya unyevu na waliopewa jeli ya kulinganishia walipata nafuu inayokaribiana. Shangazi anaona hapo ruhusa ya kuanza na kile kinachomstarehesha mama mwenyewe.

Jeli isipofaa, estrojeni ya ukeni isiogopwe kwa uvumi. Kidonge chake kina mikrogramu 10. Huwekwa kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Dozi za mwaka mzima hufika takriban miligramu 1.1, wakati kidonge kimoja cha estradioli cha kumeza huwa na miligramu 1 au 2. Krimu ikichoma, mara nyingi ni kwa sababu ya viambato vilivyochanganywa nayo, na kidonge huweza kuvumilika. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aanze na zisizo na homoni, na estrojeni aiamue pamoja na daktari wake wa saratani.

Mumewe aambiwe wazi kwamba huu ni mwili, na mapenzi hayajaenda popote. Mpaka ngozi ipone, tendo linaloumiza lisimamishwe bila mtu kuomba radhi.

Damu yoyote baada ya mwaka bila hedhi, kidonda, au mabaka meupe ni ya kupeleka hospitali kabla ya kujaribu jeli nyingine, na mlango wa kizazi ukaguliwe. Aende na tyubu zote alizowahi kutumia, hata zilizokwisha, ili daktari asome kilichomo.