Vali ya Umeme: Umeme Ukikatika, Njia Ifunguke au Ifungwe?

Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, kaskazini ya mlango wa Mto Ruvuma. Tangu mwaka 2007 gesi hiyo huzalisha umeme mjini Mtwara, na mwaka 2015 lilizinduliwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam baada ya kusafishwa Madimba. Katika mitambo ya namna hiyo, vali ndizo zinazoamua gesi ipite au isipite. Chama cha msingi chenye pampu na tangi la maji nacho huhitaji vali. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama waijue ile inayoendeshwa kwa umeme.

Inavyofanya kazi

Ndani ya vali mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme upitapo, koili huwa sumaku, nayo huinua kipande cha chuma kilichoziba tundu. Umeme ukikatwa, nguvu ya sumaku hutoweka na springi hukirudisha chuma mahali pake. Vali ya kawaida ya namna hii haipunguzi maji kidogo kidogo kama koki ya mkono; ama imefunguka, ama imefungwa.

Katika bomba pana, sumaku ndogo haiwezi kuinua kizibo kikubwa. Basi hufungua tundu dogo tu, na presha ya maji yenyewe hukiinua kiwambo cha mpira. Hapa pana jambo la kuangalia kabla ya kununua. Maji yaliyo juu kwa mita 10 hutoa presha ya takriban ba 1. Yaliyo juu kwa mita 3 hutoa ba 0.3 tu. Vali inayohitaji ba 0.5 haitafunguka sawasawa chini ya tangi fupi, hata kama ni nzima.

Kuchagua iliyo salama

Zipo vali ambazo hufungwa pasipo umeme, na zipo ambazo hufunguka pasipo umeme. Swali la msingi ni hili: umeme ukikatika usiku, hali ipi italeta hasara ndogo? Vali ya kuzuia gesi wakati wa hatari hufungwa. Vali ya kujaza tangi nayo yafaa ifungwe, maji yasimwagike ovyo. Lakini maji ya kupozea mashine inayoendelea kuzunguka hayafai kukatika. Hapo yatakiwa vali inayobaki wazi.

Utunzaji

Hewa ya chumvi ya pwani huozesha viungo vya nyaya. Kisanduku chake kifungwe barabara. Chujio liwekwe kabla ya vali, kwa maana chembe moja ya mchanga yaweza kuizuia isifunge. Mshale ulio juu ya vali ufuate mwendo wa maji. Fundi akate umeme kabla ya kuivua koili, kwani koili nyingi huungua zikipewa umeme pasipo chuma chake ndani.

Maswali ya kujadili

1. Tangi la chama liko juu kwa mita ngapi?
2. Vali iliyopo hufunguka au hufungwa umeme ukikatika?
3. Je, iko koki ya mkono ya kutumia vali ikiharibika?