Lugha Dirishani: Kiswahili katika Mahojiano ya Maombi ya Viza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mawasiliano baina ya mwombaji wa viza na ofisa wa ubalozi, hasa pale ambapo mwombaji anajibu kwa Kiswahili na majibu yake yanaandikwa kwa lugha nyingine. Hoja kuu ni kwamba yapo majibu yanayochukuliwa kuwa ya uongo ilhali ni ya kweli kabisa katika Kiswahili, ila yameingizwa katika makundi ya maana yasiyo ya Kiswahili. Mifano inatolewa kutokana na istilahi za ujamaa, majina ya watu, vitenzi vya kawaida na kauli za kumtegemea Mungu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa waombaji, wakalimani na walimu wa lugha.

1.0 Utangulizi

Mtu anayekwenda ubalozini kuomba viza huchukua bahasha yenye pasipoti, picha, fomu iliyojazwa, barua ya mwajiri, taarifa ya benki na barua ya mwaliko. Kila kimoja kati ya hivyo kimo katika orodha aliyopewa, na kikikosekana ataambiwa akakilete. Kipo kitu kimoja ambacho hakimo katika orodha yoyote, nacho ni lugha atakayoitumia kujieleza. Lakini ni kwa lugha hiyo kwamba karatasi zote zilizomo katika bahasha zitafasiriwa.

Neno viza lenyewe lina asili ya Kilatini na limetufikia kupitia lugha za Ulaya likiwa na maana ya hati iliyotazamwa na kuidhinishwa. Katika Kiswahili limeandikwa kwa tahajia mbili. Tahajia ya visa inagongana na wingi wa nomino kisa; na tahajia ya viza inagongana na neno linalotumika katika yai viza, pamoja na kitenzi kuviza, yaani kukizuia kitu kisistawi. Katika makala haya tumechagua tahajia ya pili ili tusichanganye idhini na mikasa, ingawa kwa waombaji wengi mambo hayo mawili hayako mbalimbali sana.

Mifano inayojadiliwa imetokana na tukio moja ambalo mwandishi alilishuhudia, maelezo ya wanafunzi na wafanyakazi wenzake, na umilisi wa mwandishi mwenyewe akiwa mzawa wa lugha hii. Huu si uchunguzi wa kitakwimu. Lengo ni kuonyesha aina za matatizo, si kupima wingi wake.

2.0 Muktadha wa Mahojiano

Ili kuyaelewa mazungumzo ya dirishani, hatuna budi kwanza kuelewa dhana ambayo sheria imeijenga kabla mwombaji hajafungua kinywa. Kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, mgeni anayeomba viza ya matembezi huchukuliwa kuwa ni mhamiaji hadi atakapomridhisha ofisa kwamba sivyo. Kwa nchi za eneo la Schengen, kanuni za viza za mwaka 2009 zinamtaka ofisa apime kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla ya muda wake kwisha, muda ambao kwa viza fupi hauzidi siku 90 katika kila siku 180. Mzigo wa kuthibitisha, basi, uko juu ya mwombaji. Ada nayo hairudishwi akikataliwa: kwa viza fupi ya Schengen imekuwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024.

Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa ushirikiano: kila mmoja huchukulia kuwa mwenzake anatoa taarifa ya kutosha, ya kweli, inayohusiana na jambo lililopo, tena kwa uwazi. Dirishani ushirikiano huo ni wa upande mmoja. Mwombaji anadhani anazungumza, ofisa anakagua. Katika mazungumzo ya kawaida, jibu lenye utata huzaa swali jingine. Katika ukaguzi, jibu lenye utata huweza kuandikwa kama lilivyo, na likipingana na lililotangulia, likawa ushahidi dhidi ya aliyelitoa.

Aidha, mahojiano hayo hayana salamu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hasa mtu mzima, salamu ndiyo inayopanga uhusiano wa wazungumzaji: nani mkubwa, nani mdogo, nani anamheshimu nani. Anayeulizwa swali kabla ya kuamkiwa huanza kujibu akiwa hajui amesimama wapi.

3.0 Istilahi za Ujamaa

Mwaka 2016 mwandishi alimsindikiza mama yake mdogo katika ofisi ya ubalozi wa nchi mojawapo ya Schengen. Mama huyo alikuwa anakwenda kwa mdogo wake mwandishi, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Mama yetu mzazi alifariki tungali wadogo, na ni mama huyu aliyetulea sote wawili. Sehemu muhimu ya mahojiano, ambayo karani kijana aliyatafsiri kwa ofisa, ilikuwa hivi:

(1) Karani: Mama, unakwenda kwa nani?
Mwombaji: Kwa mwanangu. Amepata mtoto, nakwenda kumwona mjukuu wangu.
Karani: Una watoto wangapi?
Mwombaji: Watatu.
Karani: Wako wapi?
Mwombaji: Wote wapo hapa hapa Dar es Salaam.

Viza ilikataliwa. Sababu iliyotiwa alama katika fomu ni kwamba maelezo kuhusu kusudi la safari hayakuaminika. Ukiyatazama majibu hayo kwa jicho la ofisa, uamuzi huo una mantiki: mtu mwenye watoto watatu, wote wakiwa Dar es Salaam, hawezi kumtembelea mwanawe Ulaya.

Hata hivyo, kila jibu katika mfano wa (1) ni la kweli. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, mtoto wa dada yangu, nikiwa mwanamke, ni mwanangu. Istilahi mama mdogo yenyewe inaonyesha hivyo: huyo ni mama, na kivumishi kinaeleza tu nafasi yake ya kuzaliwa kulingana na mama mzazi. Vivyo hivyo baba mkubwa na baba mdogo ni akina baba, na watoto wao kwangu ni kaka na dada. Istilahi tofauti hutumika upande wa shangazi na mjomba, ambao watoto wao huitwa binamu. Kiingereza, kinyume chake, kinawatenga wazazi na ndugu za wazazi, kisha kinawaweka watoto wa hao ndugu wote katika fungu moja bila kujali upande.

Swali linabaki: kwa nini mama huyu alisema "watatu" badala ya "watano"? Jibu ni kwamba swali la kuhesabu na swali la kutaja uhusiano si swali moja. Anapoulizwa idadi ya watoto na mtu wa ofisi, mzungumzaji huelewa kuwa anaulizwa uzazi, kama anavyoulizwa kliniki au wakati wa sensa. Anapoulizwa anakwenda kwa nani, hutaja uhusiano anaouishi. Kumwita kijana aliyemlea "mtoto wa dada yangu" mbele ya watu, tena mbele yangu, kungekuwa ni kumkana. Kwa maneno mengine, maana ya mtoto ilibadilika kati ya swali la kwanza na la pili, na wote watatu waliokuwapo katika mazungumzo yale hawakuiona ilipobadilika. Wa nne, mwandishi huyu, aliyekuwa amekaa nyuma na ambaye kufundisha maana ndiyo kazi yake, hakuiona pia hadi barua ya kukataliwa ilipofika.

Neno ndugu lina utata mkubwa zaidi, kwani huweza kumhusu wa tumbo moja, wa ukoo, wa kijiji, na hata mwenzi katika imani au siasa. Anayejaza fomu kwa niaba ya mwingine, mara nyingi kijana wa duka la intaneti, hulazimika kuchagua neno moja la kigeni, naye huchagua la karibu.

4.0 Majina ya Watu

Pasipoti za kisasa hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambavyo vinaligawa jina katika sehemu mbili: jina kuu la utambulisho, ambalo kwa kawaida ni la ukoo, na majina mengineyo. Mgawanyo huu haulingani na mfumo wa majina wa pwani na wa Waswahili wengi. Tuchukue jina la kubuni, Asha Juma Hamisi. Asha ni jina lake, Juma ni la baba yake, Hamisi ni la babu yake. Hakuna jina la ukoo hapo. Asha akiolewa na Salim Bakari Omari, kwa desturi habadili jina. Na mtoto wao Zuhura ataitwa Zuhura Salim Bakari. Katika pasipoti mke atakuwa Hamisi, mume Omari, na mtoto Bakari. Familia moja, majina matatu ya mwisho. Ofisa aliyezoea mfumo mwingine huona watu watatu wasiohusiana, naye hutaka vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Dai lake si baya, lakini familia isiyolitarajia hukwama.

5.0 Vitenzi na Nomino vyenye Maana Pana

Maneno ya kila siku yana hatari ya pekee kwa sababu hakuna anayefikiri kwamba yanahitaji ufafanuzi. Tazama mifano ifuatayo:

(2) (a) Nakwenda kusoma makala katika kongamano.
(b) Nitakaa kwa dada yangu.
(c) Nakwenda kwa kazi za chuo.

Katika (2a) kusoma ni kuwasilisha, lakini kitenzi hicho hicho hutumika kwa mwanafunzi, ambaye viza yake ni ya aina nyingine. Katika (2b) kukaa ni kufikia kwa muda, lakini ndicho kitenzi tunachotumia kuulizia makazi ya kudumu, kama katika "Unakaa wapi?" Katika (2c) kazi ni shughuli iliyompeleka mtu, wala si ajira atakayoitafuta huko. Mzungumzaji anayejua athari ya muktadha atasema kuwasilisha, kufikia kwa wiki mbili, na safari ya kikazi iliyogharimiwa na mwajiri wangu. Lugha imempa nyenzo hizo. Hajafundishwa tu kuzichagua.

Utata wa saa nao utajwe kwa kifupi. Saa tatu ya asubuhi ya Kiswahili ni saa 9:00 katika barua ya miadi, na tarehe 3/4 ni ya Aprili kwetu lakini ni ya Machi kwa Wamarekani.

6.0 Kauli ya "Mungu Akipenda"

Swali ambalo sheria zilizotajwa katika sehemu ya 2.0 zinalilenga zaidi ni la kurudi. Jibu la kawaida la Mswahili ni hili:

(3) Nitarudi mwezi ujao, Mungu akipenda.

Kisarufi, kiambishi -ki- katika akipenda kinaonyesha sharti. Tafsiri ya neno kwa neno, basi, humpa ofisa ahadi yenye sharti, naye husikia mtu asiye na uhakika. Kipragmatiki mambo ni kinyume. Waislamu wamefundishwa katika Sura ya Al-Kahf, na Wakristo katika Waraka wa Yakobo, kwamba haifai mtu kutaja jambo la kesho pasipo kulitegemeza kwa Mungu. Kwa hiyo, mcha Mungu anayeahidi kwa dhati ndiye hasa anayeongeza maneno hayo. Anayeyaacha ndiye wa kutiliwa shaka. Linganisha na (4):

(4) Nitajaribu kurudi mwezi ujao.

Hapa shaka ni ya kweli, kwani kitenzi kujaribu kinakiri uwezekano wa kushindwa. Mkalimani anayetafsiri (3) na (4) kwa uzito mmoja amemdhulumu msemaji wa (3), hata kama hakukosea neno.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, mwombaji aeleze ujamaa kwa njia ya uzazi kabla ya kuutaja kwa heshima: "ni mtoto wa marehemu dada yangu, nami ndiye niliyemlea". Aandike hivyo katika barua na aambatanishe vyeti. Asomewe kila neno la fomu kabla ya kutia saini, hata kama aliyeijaza ni mtoto wake. Jambo hili si dogo, kwani udanganyifu ukidhaniwa kuwapo, matokeo yake huzidi kukataliwa mara moja: katika sheria za Uingereza huweza kuleta zuio la miaka 10.

Pili, mkalimani aruhusiwe kuuliza tena. Swali moja, "Huyu ulimzaa wewe?", lingetosha kuutatua mfano wa (1).

Tatu, walimu wa isimu jamii waitumie mada hii darasani. Wanafunzi waigize mahojiano, kisha waonyeshe palipotokea mabadiliko ya maana. Tahadhari ni kwamba wasifundishwe majibu ya kukariri, kwa kuwa jibu la kukariri huzua shaka kuliko jibu lenye utata.

Nne, vyombo vya lugha, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa, viandae kijitabu kifupi cha istilahi za ujamaa na mfumo wa majina kwa matumizi ya balozi na wakalimani.

8.0 Hitimisho

Hatudai kwamba lugha ndiyo sababu ya kila viza inayokataliwa. Zipo sababu za fedha, za nyaraka pungufu, na wapo pia wanaodanganya. Tunachodai ni kwamba baina ya ukweli na uongo lipo eneo la tatu, ambalo ni ukweli uliobadilishwa maana njiani, na eneo hilo ni la wanaisimu kulishughulikia.

Mama mdogo aliomba tena, safari hii akiwa na barua ya maelezo, cheti cha kifo cha marehemu dada yake na vyeti vya kuzaliwa vyetu wawili. Alipewa viza. Arobaini ya mjukuu ilikuwa imepita zamani, na alipofika alimkuta mtoto anatambaa. Katika barua ile, iliyoandikwa na mwandishi kwa ridhaa yake, kijana yule alitajwa kuwa ni mtoto wa dada yake. Aliisikiliza ikisomwa hadi mwisho, akatia saini, kisha akasema kwamba ni sawa, ila yeye asiambiwe ayatamke hayo kwa kinywa chake.