Keki ya Jiko la Mkaa



Je, umewahi kula keki? Bila shaka umewahi, pengine arusini au siku ya Krismasi au Idi. Je, umewahi kuipika mwenyewe nyumbani kwako? Watu wengi hudhani keki ni kitu cha mjini. Hudhani kwamba lazima uwe na jiko la umeme, au uinunue kwenye duka la mikate Musoma mjini. Sivyo. Keki huiva vizuri katika sufuria, juu ya jiko la mkaa. Watu wa pwani na Unguja wamepika mkate wa mayai kwa njia hiyo tangu zamani. Wao husema ni kupika kwa moto juu na moto chini. Leo tutasoma namna ya kufanya hivyo. Lakini kwanza nitakuambia habari ya mama mmoja.

Mama huyu ni mwanakisomo katika darasa moja la kijiji, si mbali na Butiama. Umri wake umepita miaka hamsini. Binti yake anafanya kazi Musoma. Siku moja binti alikuja nyumbani na keki aliyoipika mwenyewe. Mama aliipenda sana. Binti akamwandikia maelezo ya kupika katika kipande cha karatasi, kisha akarudi mjini. Wakati huo mama hakujua kusoma. Alikunja karatasi ile, akaihifadhi ndani ya sanduku lake pamoja na hati ya shamba. Ilikaa humo miaka mitatu.

Alipojiunga na darasa la kisomo, mwalimu alimwuliza, "Mama, wewe unataka kusoma kwa nini?" Wengine walikwisha jibu. Mmoja alisema anataka kusoma Biblia. Mwingine alisema anataka kusoma mizani wakati wa kuuza pamba. Mama yule alisema, "Ninayo karatasi yangu nyumbani." Hakusema zaidi.

Baada ya miezi minane alianza kuisoma karatasi ile peke yake, usiku, kwa taa. Aliyasoma maneno yote. Kesho yake alipika. Keki ilitoka imelowa mafuta, laini kama uji, haikulika. Alitupa mayai matatu na unga wa ngano wa kununua. Mume wake hakufurahi.

Kosa lilikuwa wapi? Binti alikuwa ameandika hivi: "Mafuta kikombe 1/2." Mama alizijua tarakimu zote. Aliiona 1, akaiona 2. Akasoma, "Mafuta kikombe moja au mbili." Kwa kuwa alitaka keki iwe nzuri, alitia viwili.

Msomaji, usimcheke. Alama hiyo ni ngumu kwa mtu anayeanza kusoma hesabu. 1/2 maana yake ni nusu. Kitu kimoja kimegawanywa sehemu mbili zilizo sawa, nawe umechukua sehemu moja. 1/4 ni robo. Kitu kimoja kimegawanywa sehemu nne, nawe umechukua moja. 3/4 ni robo tatu. Chukua kikombe, tia maji mpaka nusu, na useme kwa sauti: "Hii ni moja chini ya mbili." Mwalimu wa darasa lile alifanya hivyo siku iliyofuata, na wanakisomo wote walitoka nje na vikombe vyao.

Mama alipika tena. Safari hii watu walikula.

Sasa soma maelezo haya polepole. Ukiweza, yaandike katika daftari lako kwa mkono wako mwenyewe. Kipimo chetu ni kikombe kikubwa cha chai. Tumia kikombe kilekile tangu mwanzo mpaka mwisho.

Unga wa ngano vikombe 2. Unga wa ulezi kikombe 1. Sukari kikombe 1. Mafuta ya kupikia kikombe 1/2. Mayai 3. Maziwa kikombe 1. Bekingi pauda vijiko vidogo 3. Chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Ukiwa na limau, kwaruza ganda lake kidogo upate harufu nzuri.

Kwa nini tunatia ulezi? Kwanza, ulezi tunaulima wenyewe, na ngano tunainunua. Pili, ulezi una madini mengi ya chokaa, ambayo hujenga mifupa na meno. Lakini usitie ulezi mtupu. Unga wa ngano una utomvu unaovutika na kushika hewa, ndiyo maana keki huumuka. Ulezi hauna utomvu huo. Keki ya ulezi mtupu huwa nzito tena humeguka ovyo. Ukipenda, badala ya nusu ya maziwa tia viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa. Hivyo ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Vina vitamini A, ambayo husaidia macho ya watoto, na keki yako itakuwa na rangi nzuri hata watu watafikiri umetia mayai kumi.

Chekecha unga wote pamoja na bekingi pauda na chumvi. Katika bakuli jingine koroga sukari na mafuta kwa mwiko mpaka vichanganyike. Tia yai moja, piga. Tia la pili, piga. Tia la tatu. Usione uvivu hapa, kwa maana hewa unayoipiga ndani ndiyo itakayoinua keki. Kisha tia unga kidogo na maziwa kidogo, kwa zamu, mpaka viishe. Uji wake uwe mzito, uanguke taratibu kutoka katika mwiko.

Paka sufuria mafuta, nyunyizia unga mkavu, mimina uji wako. Usijaze. Acha nafasi ya keki kuumuka, iwe kama theluthi moja ya sufuria. Sasa ni habari ya moto, na hapa ndipo wengi huharibu. Chini weka makaa machache tu, yaliyokwisha shika vizuri. Funika sufuria kwa mfuniko bapa, na makaa mengi zaidi uyaweke juu ya mfuniko. Moto wa chini ukiwa mwingi, keki huungua chini na kubaki mbichi katikati. Angalia saa katika simu yako. Usifunue kabla ya dakika 30. Baada ya hapo chomeka kijiti safi katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na uji, funika, ngoja dakika 10 nyingine.

Pika nje, au katika jiko lenye nafasi kubwa ya hewa. Neno hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukipika keki Bunda, mimi na dada yangu, katika chumba cha kupanga. Mvua ikaja. Tukaingiza jiko ndani, tukafunga mlango na dirisha ili mvua isiingie. Baada ya muda nilisikia kichwa kinaniuma. Nilidhani ni uchovu. Dada alikuwa amekaa kitandani akisema anasikia usingizi, kisha akaanguka. Nilimvuta mpaka nje kwenye mvua. Alizinduka, namshukuru Mungu. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala haina moshi. Hata makaa mekundu yaliyokwisha moshi huitoa. Watu hufa usingizini kwa sababu hiyo. Basi mvua ikija, keki ilowe. Utapika nyingine.

Wanakisomo waliniuliza pia habari za muhogo. Walisema, "Ngano ni ghali. Sisi tuna muhogo. Kwa nini tusitie unga wa muhogo?" Swali hilo ni zuri. Wazazi wetu walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita na Uganda ya mwaka 1978 na 1979. Wakati huo sukari na unga wa ngano vilikuwa adimu, watu wakapanga foleni madukani. Nilijibu kwamba inafaa, kikombe kimoja cha unga wa muhogo mtamu badala ya kile cha ulezi, lakini muhogo wenyewe uandaliwe sawasawa.

Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu. Mababu walijua hivyo. Ndiyo sababu waliumenya, wakauvundika, wakauanika siku nyingi. Wakati wa ukame sumu huzidi, na njaa huwafanya watu waharakishe. Mwaka 1985, hapa hapa mkoani Mara, wilayani Tarime, ukame ulikuwa mkali. Watu walikula unga wa muhogo ulioandaliwa kwa njia ya mkato. Wengine, hasa watoto na kina mama, waliamka wakaona miguu imekakamaa. Hawakupona. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Hauambukizi, na hakuna dawa ya kuirudisha miguu katika hali yake. Huwapata wale wanaokula muhogo wenye sumu kwa wiki nyingi, bila maharage, samaki au maziwa ya kutosha.

Kwa hiyo tumia muhogo mtamu tu. Menya, kwangua, kamua maji yake, anika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo usage. Unga wa udaga una harufu yake, na mimi sishauri kuutia katika keki; ubaki kwa ugali. Tena ukiwa na shaka na unga wako wa ugali, iko njia moja rahisi ambayo imefundishwa Kongo na hapa kwetu Tanzania. Lowanisha unga kwa maji. Utandaze katika ungo, unene wake usizidi sentimita 1. Uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu hutoka na kwenda hewani. Kisha upike siku ileile.

Tuirudie keki. Mama yule alipoizoea, majirani walianza kumshauri auze. "Peleka gulioni," walisema. "Vipande vitakwisha kabla ya saa nne." Darasani palikuwa na ubishi. Baadhi walisema keki ya kugawa ni hasara. Yeye alisema, "Keki ya Jumamosi nitauza. Ya Ijumaa ni ya jirani zangu." Jirani zake ni Wasabato, ambao hawapiki siku ya Sabato. Kwa hiyo Ijumaa kabla ya jua kuzama yeye huwapelekea sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Sahani ile hairudi tupu. Siku nyingine hurudi na maembe, siku nyingine na dagaa. Mimi naona jibu lake lilikuwa la haki. Lakini wewe unaweza kuwa na mawazo mengine, na mwalimu wako atakuruhusu kuyasema.

Ukigawa, mjue unayempa. Jirani mwenye kisukari usimlazimishe. Usiseme, "Kipande kidogo tu, hakitakudhuru." Mpelekee karanga. Naye ni jirani.

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kisomo Duniani. Siku hiyo imeadhimishwa tangu mwaka 1967. Mwaka jana darasa lile liliamua kupika keki kwa ajili ya siku hiyo. Walipika keki 4, kila moja kwa sufuria yake, nje chini ya mwembe. Karatasi ya yule binti ilibandikwa ukutani. Kila keki ilikatwa vipande 12. Walipohesabu watu, walikuwa 53 pamoja na watoto. Vipande havikutosha. Mzee mmoja alisema wageni wale kwanza, wenyeji wangoje. Mama wa keki alikataa. Alichukua kisu, akakata vipande vitano katikati, akasema kwa sauti ili darasa zima lisikie, "Moja chini ya mbili." Watu kumi walipata nusu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Maswali

Keki 4 zilizokatwa vipande 12 kila moja hutoa vipande vingapi? Ni watu wangapi waliopata kipande kizima?

Kwa nini mama alitia mafuta vikombe 2? Andika tarakimu za nusu, robo na robo tatu.

Nenda dukani, uliza bei ya unga, sukari, mafuta, mayai na bekingi pauda. Ziandike, uzijumlishe. Ukikata vipande 12, kila kipande kimekugharimu shilingi ngapi?

Jadilini darasani: je, mama angeuza keki zote?