POSHO YA MPAGAZI, MZIGO WA DAFTARI: Kula kwa akili ili kupunguza mafuta mwilini

Leo tunajibu swali ambalo tunaulizwa karibu kila shule tunayoitembelea hapa Tabora, kuanzia mjini mpaka Urambo, Sikonge na Nzega: "Dada, nifanyeje nipungue?" Wasichana huuliza kwa sauti ya chini kipindi kikishakwisha. Wavulana huuliza kwa utani, eti wanamuulizia rafiki.

Kabla sijajibu, ngoja nikusimulie yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili, nakaa bweni, hapa hapa mkoani. Wenzangu waliniita "bonge". Mchana nilicheka nao, usiku nililia. Basi nikaamua kuacha kula. Asubuhi chai ya rangi, mchana napitisha, jioni naonja maharage vijiko viwili vitatu. Siku ya tisa nilianguka mstarini. Nilipozinduka, matroni aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, umekula nini leo?" Sikuwa na jibu. Baada ya hapo nilirudia chakula kwa pupa, na kabla muhula haujaisha uzito wote ulikuwa umerudi, na nyongeza juu.

Ndiyo maana somo hili si la kuacha kula. Ni la kula kwa akili.

JE, KWELI UNAHITAJI KUPUNGUA?

Usianze safari kabla ya kujua unakokwenda. Wakati wa balehe mwili unajenga mifupa, misuli na damu. Wasichana huongezeka nyonga na mapaja, wavulana huongezeka mabega. Hayo ni makuzi, si unene wa kupita kiasi. Vijana wengi wanaotuuliza swali hili hawana haja ya kupungua hata kidogo.

Fanya jaribio hili. Chukua kamba, pima urefu wako kuanzia kisigino mpaka utosini, kisha ikate hapo. Ikunje kamba hiyo katikati. Sasa izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Je, ncha zinakutana? Zikikutana na nafasi ikabaki, uko salama kwa kipimo hiki. Zisipokutana, maana yake kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni yameanza kuwa mengi. Kamba si daktari, lakini inakupa dalili.

Ile hesabu ya kugawa uzito kwa urefu kipeo cha pili, na kusema jibu likifika 25 uzito umezidi, ni ya watu wazima. Wewe uliye chini ya miaka 19 nenda kituo cha afya. Huko jibu lako hulinganishwa na jedwali la umri na jinsia yako. Na kama unapungua bila kujitahidi, unakohoa wiki mbili au zaidi, au una kiu kali na unakojoa mara kwa mara, usifurahie kukonda. Wahi hospitali.

Jambo hili si la urembo tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mafuta yakizidi mwilini, njia ya kisukari na shinikizo la damu inafunguka. Magonjwa hayo hayasubiri uzee siku hizi.

TUJIFUNZE KWA WAPAGAZI

Sasa twende kwenye historia kidogo. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya kilometa kama 1,200. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na juu yake mkeka na sufuria yake. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Hesabu siku hizo zote, watu wanatembea na mizigo begani!

Je, walikula nini? Walipewa posho. Mara nyingi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kadiri ya gramu 700 za mtama, mawele au mahindi. Nafaka hiyo ina nguvu ya kilokalori kama 2,400, ambazo mtaani tunaziita kalori tu. Kwa mtu anayebeba kilo 30 porini kutwa nzima, hiyo haikuwa nyingi. Iliungua yote.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ya njia hii ikashuka mabegani, ikapanda behewani. Lakini mlima wa ugali haukushuka sahanini! Leo mwanafunzi anabeba madaftari, anakaa dawatini saa saba, anarudi nyumbani kwa bodaboda, kisha anakula kama mpagazi, na juu yake soda na maandazi ambayo mpagazi hakuwa nayo.

Siri yote iko hapo: chakula kilingane na mzigo. Chakula kinachozidi kazi ya mwili hugeuzwa mafuta na kuwekwa akiba. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kilokalori kama 7,700. Kwa hesabu ya darasani, ukizidisha 200 tu kila siku, baada ya siku kama 40 umeweka karibu kilo nzima. Na 200 ni kidogo sana, kama utakavyoona sasa hivi.

NJIA SABA ZA KUANZA NAZO

1. Usiruke mlo. Mimi niliruka nikaanguka. Wengine wanaruka uji wa asubuhi, ikifika saa 4 njaa inawapeleka mbio kwenye maandazi manne na soda. Kunywa uji wako, ikiwezekana wa dona au ulezi, na sukari kidogo.

2. Igawe sahani yako. Nusu iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe maharage, kunde, dagaa wa Kigoma, samaki, yai au nyama. Robo inayobaki iwe ugali, wali, viazi au mihogo. Najua utasema, "Dada, sisi tunakula sinia moja!" Sawa. Hapo hesabu matonge. Kama umezoea kumi na mawili, anza na tisa, tena madogo, na kila tonge liende na mboga ya kutosha. Bwenini ambako ugali ni mwingi na mboga ni chache, kateni tuta la mchicha, matembele au kunde nyuma ya bweni. Wiki nne tu mchicha unachumwa.

3. Chagua kinachoshibisha. Dona hushibisha kuliko sembe, kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Ugali wa mtama au mawele nao ni mzuri. Kisamvu, mlenda na majani ya kunde hujaza tumbo bila kuleta mafuta mengi. Hata uyoga wa masika una nguvu kidogo na ladha nyingi, ila kula ule tu unaojulikana na wazee. Michembe na matobolwa ni chakula chetu kizuri, lakini kumbuka maji yameondoka. Konzi moja ni viazi vingi! Kula kama sehemu ya mlo, usitafune kutwa nzima kama bigijii.

4. Pima mafuta kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori kama 120. Ukimimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria, vijiko vitano vinapita hujui. Mboga ikiungwa kwa karanga, usiongeze mafuta tena. Karanga zenyewe karibu nusu yake ni mafuta. Mihogo ya kuchemsha na mihogo ya kukaanga imetoka shamba moja, lakini si chakula kimoja. Chipsi ziwe za siku moja moja.

5. Angalia unachokunywa. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, kama kilokalori 150. Chai yenye vijiko vinne, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko 12, karibu kilokalori 190. Umeiona ile 200 yetu? Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi utalalamika siku chache, halafu utazoea. Kiu ya kweli hukatwa na maji.

6. Kula embe, usilinywe. Njia ya misafara ilipandwa miembe, na mpaka leo Tabora na Ujiji zina miembe ya zamani. Msimu ukifika, kula embe zima, na nyuzi zake zikukwame menoni. Ukilisaga, unakunywa maembe matatu kwa dakika moja na bado una njaa.

7. Kula polepole. Ukimaliza sahani, subiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Tumbo linahitaji muda kuutaarifu ubongo kwamba limeshiba. Mara nyingi utaona hamu imekwisha yenyewe.

Pamoja na hayo, mwili wako unahitaji angalau dakika 60 za mazoezi kila siku: kutembea kwenda shule, kuteka maji, mpira, netiboli, kulima. Na lala vya kutosha. Anayekesha huamka na hamu kubwa ya vitu vitamu.

UVUMI NA UKWELI

"Maji ya moto na limau huyeyusha mafuta." Si kweli. Ni kinywaji kizuri kisicho na sukari, basi.

"Asali hainenepeshi, ni dawa." Asali ya Tabora ni fahari yetu, nami naipenda. Lakini kijiko kikubwa cha asali kina kilokalori kama 60, na cha sukari kama 50. Hesabu zote mbili.

"Kuna chai na vidonge vya kupunguza tumbo kwa wiki moja." Nyingi ya chai hizo zinakuharisha tu. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Vidonge vinavyouzwa kwa siri vinaweza kudhuru moyo, ini au figo. Usiguse.

"Ukivaa nailoni ukatoka jasho, unapungua." Unapunguza maji. Ukinywa bilauri mbili, uzito umerudi.

"Ugali ndio adui." Ugali haujakosea kitu. Tatizo ni kiasi chake.

NYUMBANI NAKO?

Najua kuna jambo gumu zaidi. Ukirudi likizo umepungua kidogo, bibi anakushika mkono: "Mjukuu wangu, umekonda, unaumwa?" Kwa wazee wetu walioona miaka ya njaa, na baadaye wakazika watoto waliokonda kwa UKIMWI, mwili mkubwa ni habari njema. Usibishane naye, wala usisukume sahani. Pakua kidogo mwanzoni, ili akikuongezea ipatikane nafasi. Sifia mboga, omba mboga zaidi. Mwambie, "Asante bibi, nimeshiba kweli, chakula kilikuwa kitamu." Kisha mchukulie ndoo ukateke maji. Atakuona u mzima.

Nawe unayemwita mwenzako "bonge", "tipwatipwa" au "kimbaumbau", acha. Jina hilo halimpunguzi wala halimnenepeshi. Linamfanya ajifiche, aache kula, au ale kwa siri. Ukimpenda, mwalike mtembee pamoja.

Mwisho, usiwe na haraka. Kijana anayekua mara nyingi hahitaji kushusha kilo. Inatosha asiongeze mafuta huku urefu unaongezeka, mwili utajipanga wenyewe. Kama mtaalamu wa afya amekushauri upungue, basi iwe taratibu, isizidi nusu kilo kwa wiki. Na ukiona huwezi kuacha kufikiria uzito wako, unajitapisha, au unaogopa chakula, mwambie mwalimu wa malezi, matroni au muuguzi unayemwamini. Hiyo si aibu. Mimi nilichelewa kusema mpaka ardhi ikanisemea.

Wapagazi walisafiri kambi kwa kambi. Wewe nawe chagua njia moja kati ya zile saba, ifuate wiki hii, wiki ijayo ongeza nyingine.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Andika kila ulichokula na kunywa jana. Kipi kililingana na "mzigo" wako wa siku, na kipi kilizidi?
2. Hesabu vijiko vya sukari ulivyotumia jana, pamoja na vilivyomo kwenye soda.
3. Shule yenu inaweza kupanda mboga gani, na nani ataimwagilia wakati wa kiangazi?
4. Igizeni: mwanafunzi amerudi likizo na bibi anamwongezea ugali. Atajibu nini bila kumvunjia heshima?

Tuonane toleo lijalo. Kula vizuri!