Nyama Ngumu ya Kondoo: Namna ya Kuichagua na Kuipika Hadi Ilainike



Katika miji na vijiji vya Kibiti na Rufiji, samaki na wali ndio chakula kilichozoeleka tangu zamani. Nyama ya kondoo na mbuzi imeongezeka mabuchani hasa baada ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliohama bonde la Usangu walipoingia na mifugo yao katika wilaya za kusini mwa Pwani. Walaji wengi hununua nyama hiyo bila kufahamu tabia yake. Wanaikuta ngumu mezani, wanamlaumu mwenye bucha, na safari nyingine wanalipa fedha nyingi zaidi wapate mnofu pekee. Wengine hujaribu njia za mkato zilizo na hatari.

Somo hili linaeleza kwamba shingo, mkono, kidari na muundi ni nyama nzuri, mara nyingi zenye ladha kuliko sarara. Kinachozilainisha ni muda na moto mdogo. Dawa haina kazi chunguni.

Kwa nini nyama huwa ngumu

Nyama ni nyuzi nyembamba zilizofungwa pamoja kwa utando mweupe. Utando huo umejengwa kwa kitu kiitwacho kolajeni. Kiungo kinachofanya kazi nyingi mnyama akiwa hai, kama mguu na shingo, huwa na utando mwingi. Sarara, iliyo kando ya uti wa mgongo, hufanya kazi kidogo, hivyo huiva upesi. Umri nao una sehemu yake: kadiri kondoo anavyozeeka, ndivyo kolajeni yake inavyokazana.

Sababu ya tatu ni muda uliopita tangu kuchinjwa. Saa chache baada ya kuchinjwa, misuli ya mnyama hukakamaa, kisha hulegea polepole. Nyama inayohifadhiwa kwenye ubaridi kwa siku moja au mbili huwa laini zaidi. Katika vijiji vingi vya delta nyama huchinjwa alfajiri na kupikwa mchana wa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna barafu ya kuihifadhi. Hapo mpishi hana budi kutegemea moto.

Joto likipita nyuzijoto 60, nyuzi za nyama hujikunja na kukamua maji yake. Ndiyo maana nyama iliyochemka nusu saa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini joto likidumu juu ya nyuzijoto 70 kwa saa kadhaa, penye unyevu, kolajeni huyeyuka na kuwa kama uji mzito unaozilowanisha nyuzi. Mchuzi wa muundi ukipoa huganda kwa sababu hiyo hiyo.

Unaponunua

1. Tazama muhuri wa mkaguzi wa nyama. Nyama isiyokaguliwa, au ya kibudu, usiinunue hata ikiwa rahisi. Vimelea vya kimeta huweza kustahimili mapishi ya kawaida, na mtu huweza kuambukizwa hata kwa kuishika nyama hiyo.

2. Kagua dalili za umri. Kondoo mdogo ana nyama ya wekundu hafifu na mifupa yenye rangi ya waridi. Kondoo mzee ana nyama ya wekundu mzito, nyuzi nene na mifupa myeupe iliyo migumu. Kondoo mzee si nyama mbaya, ila anahitaji muda mrefu zaidi jikoni, na bei yake inapaswa kulingana na hali hiyo.

3. Simamia upimaji. Mizani ianzie kwenye sifuri na iwe na alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Taja sehemu unayoitaka kabla haijakatwa, uone mfupa na mafuta yanayoingia kwenye kilo yako.

Namna ya kupika

Kwa kilo 2 za shingo, mkono au muundi, fuata hatua hizi.

1. Kata vipande vikubwa vya kutosha ngumi ya mtoto. Vipande vidogo hukauka kabla utando haujayeyuka. Ondoa mafuta ya ziada, kwani humo ndimo harufu kali ya kondoo inamokaa.

2. Paka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, uache kwa saa moja. Ndimu na maziwa mgando hulainisha tabaka la juu tu, lakini huongeza ladha. Ukitumia papai bichi, kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokunwa kinatosha kilo moja, kwa nusu saa. Likizidi, nyama hugeuka kuwa rojo upande wa nje huku ndani ikibaki ngumu.

3. Kaanga vipande hadi viwe na rangi ya kahawia, kisha ongeza vitunguu, nyanya na tui jepesi au maji ya kufikia nusu ya kimo cha nyama.

4. Mchuzi ukianza kuchemka, punguza kuni au mkaa. Viputo vichache vipande juu polepole. Mchemko mkali hauharakishi ulaini. Hukausha nyuzi na kumaliza nishati bure.

5. Funika vizuri. Kondoo mdogo huiva kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kondoo mzee kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Nyama imeiva inapoachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko.

6. Tia tui zito katika dakika 10 za mwisho, ukikoroga, lisikatike. Chumvi ya kutosha itiwe mwishoni baada ya kuonja, hasa katika vijiji ambavyo maji ya visima yana chumvi ya bahari.

Kuokoa nishati

Saa tatu za moto ni gharama, na mikoko ya delta haipaswi kuteketezwa kwa ajili ya kitoweo. Chemsha sufuria iliyojaa walau robo tatu kwa dakika 45. Ifunike, iweke ndani ya kikapu kikubwa kilichotandikwa mabua makavu ya mpunga au blanketi kuukuu, na uifunike kwa nguo nzito. Iache saa tatu bila kuifungua, kisha irudishe motoni hadi ichemke tena kabla ya kupakua. Usitumie njia hii kwa sufuria yenye chakula kidogo, kwa sababu hupoa haraka na kuwapa vimelea nafasi ya kuzaliana.

Mambo ya kuepuka

Wapo wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu chunguni ili nyama iive upesi. Kitendo hiki ni cha hatari. Kidonge hupimwa kwa umri na uzito wa mgonjwa. Chunguni hakuna anayejua kila mlaji amekula kiasi gani, na paracetamol ikizidi mwilini huharibu ini. Mtoto na mgonjwa ndio wa kwanza kudhurika. Ukiwa na shaka na nyama inayouzwa tayari, muulize muuzaji imepikwaje. Ni haki yako kujua unachokila.

Magadi nayo yasiwe desturi. Huongeza sodiamu, ambayo haiwafai wenye shinikizo la juu la damu, na huharibu vitamini B1 iliyomo katika nyama.

Baada ya mlo, usiiache nyama iliyopikwa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ihifadhi penye ubaridi. Pasipo na jokofu, pika kiasi kitakachomalizika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyama iliyochemka nusu saa huwa ngumu kuliko ile iliyochemka saa mbili?

2. Una fedha za kununua kilo 1 ya sarara au kilo 2 za shingo, na wageni watafika jioni. Utachagua ipi, na utaanza kupika saa ngapi?

3. Jirani anakushauri utie vidonge viwili chunguni. Utamjibu nini?