Waifai katika Majengo ya Ghorofa: Kupima Kwanza, Kufunga Baadaye

Huduma nyingi za umma katika wilaya za Masasi na Newala sasa hutegemea mtandao. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na hospitali za Serikali huandikisha wagonjwa kwa mfumo wa GoTHoMIS. Mawimbi yasipofika dirishani, foleni husimama, na mgonjwa aliyetoka kijijini alfajiri huambiwa asubiri. Katika jengo la ghorofa, tatino hilo huweza kutokana na mahali kifaa cha waifai kilipofungwa, wala si uchache wa kifurushi.

Kwanza, kila ghorofa ipangiwe kifaa chake. Sakafu ya zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi kuliko ukuta wa kawaida wa tofali. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri kuliko ya gigahezi 5, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Hivyo, kifaa cha juu kisikae wima juu ya kile cha chini, wala visitumie chaneli moja.

Pili, vifaa visipangwe vyote koridoni. Humo husikilizana vyenyewe kwa vyenyewe, ilhali kuta huzuia mawimbi kuingia vyumbani wanamofanyia kazi watumishi. Viepushwe pia na makabati ya chuma na matangi ya maji.

Tatu, kuongeza nguvu ya kifaa si dawa. Simu ina nguvu ndogo. Itakisikia kifaa, lakini kifaa hakitaisikia simu. Ni sawa na mwenye kipaza sauti kuzungumza na asiye nacho.

Njia ya uhakika ni kupima. Fundi huinua kifaa kimoja hadi usawa wa dari, hufunga milango, kisha hupita kila chumba akisoma nguvu ya mawimbi kwa simu. Kipimo cha -67 au kilicho karibu zaidi na sifuri kinafaa. -80 ni dhaifu. Vipimo huandikwa kwenye ramani ya jengo, pamoja na njia ya waya, ambao usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi.

Wajumbe wa kamati za shule na za vituo vya afya wanashauriwa kuomba ramani hiyo kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kifaa chochote.